Krimu, Plasta au Vidonge: Kuchagua Dawa ya Kupaka kwa Maumivu ya Mishipa ya Fahamu ya Mgonjwa wa Saratani

Jioni moja alifika kwenye duka la dawa ninakofanya kazi mama mmoja aliyevaa soksi nzito ndani ya kandambili, akaomba dawa ya kuchua. Nilimwamkia, akaitikia, kisha nikamwuliza anachua wapi. "Mwanangu," akasema, "nyayo zinawaka kama nimekanyaga makaa, lakini ukizishika ni za baridi. Na hivi vidole, kifungo cha blauzi sikisikii mpaka nikitazame." Alikuwa amemaliza dripu yake ya mwisho ya paklitakseli, dawa ya saratani ya matiti, majuma matatu kabla ya siku hiyo. Alifungua mkoba akanionyesha tyubu tatu alizokwisha kuzitumia nusu nusu: jeli ya diklofenaki, dawa ya kuchua yenye harufu kali, na jeli ya lidokaini. Alikuwa amezinunua mahali mbalimbali, na kila moja aliuziwa kwa maelezo yale yale kwamba inaondoa maumivu. Hakuna aliyemwuliza maumivu yenyewe ni ya namna gani.

Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya watu kama yeye na kwa wanaowauguza. Shabaha yake ni kuonyesha kwamba dawa ya kupaka huchaguliwa kwa kutazama kwanza mahali maumivu yalipo, hali ya ngozi iliyo juu yake, na kilichoumiza mshipa, na kwamba jina lililoandikwa kwenye tyubu huja mwisho.

Maumivu ya mishipa ya fahamu hayafanani na maumivu ya jeraha wala ya kiungo kilichoteguka. Mgonjwa husema anaungua, anachomwachomwa na sindano, anapigwa shoti ya umeme, au shuka tu likimgusa anaruka. Mara nyingi ganzi na maumivu hukaa mahali pamoja, jambo linalowashangaza ndugu wanaomwuguza: inakuwaje mtu asiyehisi mchanga chini ya unyayo alalamike kuwa unyayo unamuuma? Huwa hivyo kwa sababu mshipa uliojeruhiwa hupoteza uwezo wa kupeleka habari za kweli, kisha ukaanza kupeleka habari za uongo.

Kwa mgonjwa wa saratani, mishipa hii huumia kwa njia tatu zilizo kubwa. Ya kwanza ni dawa za kemo zenyewe, yaani zile za kuua seli za saratani, hasa paklitakseli na dosetakseli, oksaliplatini na sisplatini, vinkristini, na bortezomibu. Hizi huanza kuumiza ncha za mishipa mirefu kuliko yote, ndiyo maana dalili huanzia vidoleni na nyayoni na kupanda taratibu mithili ya mtu anayevaa soksi na glavu. Ya pili ni kisu cha upasuaji: baada ya kuondolewa titi, au baada ya kufunguliwa kifua, huweza kubaki ukanda wa ngozi unaowaka kwenye kovu, kwapani au upande wa ndani wa mkono. Ya tatu ni uvimbe wenyewe unapougandamiza mshipa au kuuingilia kwa ndani, kama inavyotokea kwenye mishipa ya bega, nyonga au uti wa mgongo. Kuna na njia ya nne inayostahili kutajwa kwa sababu kinga ya mgonjwa huwa imeshuka, nayo ni mkanda wa jeshi, ambao malengelenge yake hukauka lakini maumivu yakabaki kwa miezi.

Tofauti hii ndiyo inayoamua karibu kila kitu kitakachofuata. Dawa ya kupaka hufanya kazi kwenye ngozi na kwenye ncha za mishipa zilizo ndani ya ngozi. Ikiwa chanzo cha maumivu kiko hapo, au angalau mahali panapouma panaweza kuzungushiwa mstari kwa kidole, kuna sababu ya kuijaribu. Ikiwa uvimbe unaubana mshipa ndani ya nyonga na maumivu yanashuka mguuni, hakuna krimu itakayofika huko, hata ipakwe mara kumi kwa siku. Huyo anahitaji dawa za kumeza, pengine mionzi, na hapaswi kucheleweshwa na tyubu.

Faida kubwa ya dawa za kupaka ni kwamba kiasi kidogo sana huingia kwenye damu. Mgonjwa wa saratani tayari anameza vidonge vingi. Ini na figo zake zina kazi ya kutosha, na usingizi mzito wa mchana ulioletwa na dawa humnyima saa chache za kukaa na watu wake. Dawa isiyomlevya, isiyomfungia choo wala kugombana na vidonge vingine ina thamani hata ikipunguza maumivu kwa theluthi tu. Lakini faida hiyo isitufanye tudhani kwamba zote zina ushahidi ulio sawa.

Lidokaini na kapsaisini

Hizi mbili ndizo zinazostahili kuwekwa bega kwa bega kwanza, kwa kuwa hutumika kwa maumivu yale yale lakini hufanya kazi kwa njia zinazokaribia kupingana.

Lidokaini ni ile dawa ya ganzi ambayo daktari wa meno huichoma kabla ya kung'oa jino. Hufunga milango ya sodiamu kwenye mshipa, na mshipa usiopitisha sodiamu hauwezi kupeleka ujumbe. Kwa maumivu ya mishipa, namna iliyochunguzwa zaidi ni plasta ya asilimia 5, yenye upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 14, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1999 kwa maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi. Hubandikwa juu ya mahali panapouma kwa muda usiozidi saa 12 katika saa 24, na zisizidi tatu kwa wakati mmoja. Plasta inaweza kukatwa kwa mkasi kulingana na umbo la eneo kabla ya kutolewa karatasi yake ya nyuma. Kinachoingia kwenye damu ni karibu asilimia 3 tu ya dawa iliyomo, na jambo hili lina pande mbili: mgonjwa yuko salama, lakini plasta iliyotumika na kutupwa bado imejaa dawa, na mtoto akiiokota na kuitafuna inaweza kumdhuru vibaya. Ikunjwe upande unaonata uingie ndani, kisha itupwe mahali asipofika.

Mgonjwa huipenda plasta hii kwa sababu haiumi na haiachi mafuta. Zaidi ya dawa yenyewe, huifunika ngozi isiyovumilia kuguswa, na kwa mwanamke ambaye sidiria au kanga ikimgusa kovu huruka, kule kufunikwa tu ni nafuu. Hata hivyo, yapo matokeo yasiyopendeza ambayo msomaji anastahili kuyajua. Mwaka 2009 ilichapishwa tafiti iliyowapa plasta hii wagonjwa 28 wa saratani wenye maumivu ya mishipa baada ya upasuaji, ikilinganishwa na plasta isiyo na dawa, na haikuonekana kupunguza maumivu kwa kiasi cha kutegemewa. Wagonjwa 28 ni wachache, na kwa mkanda wa jeshi ushahidi ni bora zaidi. Ninachokichukua hapo ni kwamba plasta ya lidokaini ni ya kujaribiwa kwa sababu ni salama, bila kumwahidi mgonjwa kwamba itamtosha.

Plasta hiyo ni ghali na haipatikani kila mahali. Inayopatikana kwa urahisi ni jeli ya lidokaini ya asilimia 2, ile inayotumika wakati wa kuweka mpira wa mkojo, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya utando laini wa mwili. Juu ya ngozi nzima, na zaidi juu ya ngozi nene ya unyayo, hupenya kwa shida, ndiyo maana yule mama haikumsaidia. Krimu inayochanganya lidokaini na prilokaini, kila moja kwa asilimia 2.5, hupenya vizuri zaidi lakini hutaka kufunikwa kwa muda wa saa moja hivi, na haikukusudiwa kupakwa kutwa kucha juu ya eneo kubwa. Mtu anayetumia lidokaini ya aina yoyote akianza kuhisi ganzi ya ulimi, kizunguzungu, mvumo masikioni au moyo kwenda mbio, aitoe dawa hiyo, aisafishe ngozi, na aende hospitali.

Kapsaisini yenyewe ni ule ukali wa pilipili. Hufungua mlango mmoja kwenye ncha za mishipa ya maumivu ambao kwa kawaida hufunguliwa na joto linalozidi nyuzi 43 hivi. Ndiyo maana ulimi huita pilipili "moto", na ulimi hauongopi, kwa kuwa ujumbe unaofika kwenye ubongo ni ule ule wa kuungua. Mwanasayansi David Julius na wenzake waliutambua mlango huo mwaka 1997, na mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Mlango ukifunguliwa tena na tena, ncha ya mshipa huchoka, hunywea, na kuacha kupeleka habari kwa muda. Basi kapsaisini huanza kwa kuunguza ndipo inyamazishe, na mgonjwa asiyeambiwa hivyo mapema huitupa tyubu siku ya pili.

Krimu yake huwa ya asilimia 0.025 au 0.075. Hii ya pili ndiyo iliyochunguzwa kwa wagonjwa wa saratani katika tafiti iliyochapishwa mwaka 1997, ambapo watu 99 waliokuwa na maumivu ya mishipa baada ya upasuaji walipaka mara nne kwa siku, majuma nane kwa krimu yenye dawa na majuma nane kwa krimu tupu. Katika majuma nane ya kwanza maumivu yalipungua kwa wastani wa asilimia 53 kwa waliopaka kapsaisini, dhidi ya asilimia 17 kwa waliopaka krimu tupu. Mwishoni wagonjwa waliojibu waliulizwa kipindi kipi kiliwafaa zaidi: asilimia 60 walichagua kipindi cha kapsaisini, ingawa iliwaunguza ngozi, ikawafanya wekundu na kuwakohoza. Kwangu mimi jibu hilo la wagonjwa wenyewe lina uzito mkubwa, maana walikwisha kuonja pande zote mbili.

Kwa hiyo, kwa kovu la upasuaji ambalo limefunga vizuri, naiweka krimu ya kapsaisini mbele ya lidokaini kwa ushahidi, na lidokaini mbele ya kapsaisini kwa upole. Mgonjwa mwenye subira na mwenye mtu wa kumsaidia kupaka anaweza kuanza na kapsaisini. Aliyechoka, anayelala vibaya, au ambaye ngozi yake haivumilii hata upepo, aanze na lidokaini.

Namna ya kupaka kapsaisini ndiyo inayoharibu watu wengi. Kiasi ni kidogo, ukubwa wa punje ya kunde kwa eneo la kiganja, na husuguliwa mpaka isionekane. Anayepaka avae glavu, au aoshe mikono kwa sabuni mara baada ya kumaliza. Ikiwa mikono ndiyo inayotibiwa, asubiri nusu saa kisha aioshe, na katika nusu saa hiyo asiguse macho, pua, wala mtoto. Kapsaisini haiyeyuki kwenye maji matupu, huyeyuka kwenye mafuta, kama ajuavyo kila aliyewahi kukata pilipili kichaa kisha akajifuta jicho. Ikimwagika mahali pasipotakiwa, ifutwe kwanza kwa mafuta ya kupikia na kitambaa, ndipo ioshwe kwa sabuni. Asiogee maji ya moto kabla wala mara baada ya kupaka. Asipake juu ya ngozi iliyochubuka, kidonda, wala eneo linalopigwa mionzi. Na apake kila siku kwa majuma kadhaa bila kuruka, kwa sababu anayepaka siku moja na kuacha mbili hubaki kwenye hatua ya kuungua bila kufika kwenye nafuu.

Ipo pia plasta ya kapsaisini ya asilimia 8, yenye nguvu mara mia na zaidi kuliko krimu hiyo. Iliidhinishwa Marekani na Ulaya mwaka 2009, na mwaka 2020 Marekani iliikubali pia kwa maumivu ya miguu ya wagonjwa wa kisukari. Hiyo si dawa ya kupelekwa nyumbani. Huwekwa na mtaalamu aliyevaa glavu za naitrili, nusu saa kwa nyayo na saa moja kwa sehemu nyingine za mwili, huku shinikizo la damu likipimwa kwa kuwa maumivu ya kuiweka yanaweza kulipandisha. Ikifanya kazi, nafuu huweza kudumu miezi, na hairudiwi kabla ya miezi mitatu. Kwa miguu iliyoumizwa na kemo kuna tafiti ndogo zinazotia moyo. Aliye karibu na kituo kinachoitoa aiulizie kwa uzito, kwani nusu saa au saa moja ya mateso kila baada ya miezi mitatu inaweza kuwa nyepesi kuliko kupaka mara nne kila siku.

Mentholi, na tyubu zilizo rafuni

Mentholi hugusa mlango mwingine, ule wa baridi. Kwa kiasi kidogo ubaridi wake hutuliza. Kwa kiasi kikubwa unaumiza, na maabara hutumia mentholi ya asilimia 40 kuwatia watu wazima wenye afya maumivu ya baridi kwa makusudi ya utafiti. Hivyo asilimia ndiyo habari. Mwaka 2015 watafiti wa Uskoti walichapisha matokeo ya kuwapa wagonjwa krimu ya mentholi ya asilimia 1, ikipakwa mara mbili kwa siku mahali panapouma na pia kwenye ngozi ya mgongo inapotokea mishipa ya eneo hilo. Kati ya wagonjwa 38 walioweza kupimwa hadi mwisho, 31 walipata nafuu. Hapakuwa na kundi la krimu tupu la kulinganishia, kwa hiyo sehemu ya nafuu hiyo huenda ikawa ni ya kutunzwa na kutumaini. Pamoja na hayo, krimu ya namna hiyo ni ya bei nafuu, mfamasia anayechanganya dawa anaweza kuitengeneza, na madhara yake ni machache. Kwa nyayo na vidole vilivyoumizwa na paklitakseli, hapa ndipo ningeanzia kati ya dawa za kupaka.

Mgonjwa wa oksaliplatini nimwonye pekee yake. Dawa hiyo hufanya kugusa kitu cha baridi, hata glasi ya maji ya friji, kuwe kama kuguswa na umeme, hasa siku chache baada ya dripu. Mtu aliye katika hali hiyo asipake kitu chenye ubaridi bila kwanza kujaribu mahali padogo kama ukucha.

Sasa zile dawa za kuchua zenye harufu kali, ambazo ndizo kila nyumba inazo. Nyingi zina mentholi, tena mara nyingi zaidi ya asilimia 1, pamoja na kafuri na methili salisilati. Salisilati ni ndugu wa aspirini na hupenya ngozi. Kwa mgonjwa anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, inaweza kuongeza hatari ya kutoka damu, na kwa aliye katikati ya kemo, ambaye chembe za kugandisha damu zimeshuka, kuipaka kwa wingi na kuisugua kwa nguvu ni jambo la kuepuka. Tena kuchua kwenyewe kuna hatari yake: mguu mmoja ukivimba na kuuma, huenda donge la damu limeganda ndani, na mguu wa namna hiyo hauchuliwi kamwe, hupelekwa hospitali. Jeli ya diklofenaki nayo ina kazi yake halali kwenye goti lenye yabisi na msuli uliovutika. Kwa mshipa uliojeruhiwa haina la kufanya, kwa sababu hapo hakuna uvimbe wa aina inayoutibu. Zile mbili kati ya tyubu tatu za yule mama zilikuwa hizi.

Michanganyiko ya kutengenezwa

Baadhi ya wafamasia huchanganya jeli ya baklofeni (dawa ya kulegeza misuli), amitriptilini (dawa ya sonona) na ketamini (dawa ya usingizi wa upasuaji). Mchanganyiko huo ulijaribiwa kwa wagonjwa 208 walioumizwa na kemo, matokeo yakachapishwa mwaka 2011: nafuu ilionekana lakini ilikuwa ndogo, zaidi kwenye mikono kuliko miguuni, katika mambo kama mchomo, mikakamao na ugumu wa kushika kalamu. Mwaka 2014 tafiti kubwa zaidi, ya watu 462, ilijaribu krimu ya ketamini ya asilimia 2 na amitriptilini ya asilimia 4 bila baklofeni, na haikuonyesha tofauti yoyote na krimu tupu. Mchanganyiko huo wa pili siupendekezi. Wa kwanza ningeufikiria tu pale ambapo mfamasia ana ujuzi na vifaa vya kuutengeneza sawasawa, na mgonjwa haulipii kwa fedha ya chakula.

Dhidi ya vidonge

Dawa ya kupaka haichaguliwi dhidi ya dawa nyingine ya kupaka tu. Kwa maumivu yaliyoletwa na kemo, mwongozo wa chama cha madaktari wa saratani cha Marekani wa mwaka 2014, uliopitiwa upya mwaka 2020, unapendekeza dawa moja tu, nayo ni ya kumeza: duloksetini. Tafiti iliyoipa nafasi hiyo, ya mwaka 2013, ilikuwa na wagonjwa 231 walioanza na miligramu 30 kwa siku kwa juma moja kisha 60. Asilimia 59 walipata angalau nafuu fulani, dhidi ya asilimia 38 waliopewa vidonge visivyo na dawa. Nafuu hiyo nayo si ya kupiga vigelegele, lakini inatosha kuifanya iwe kipimo cha kuzilinganishia nyingine. Mwanamke anayemeza tamoksifeni, dawa ya homoni ya saratani ya matiti, amwambie daktari kabla ya kuanza duloksetini, kwa kuwa inaweza kuuzuia mwili usiigeuze tamoksifeni kuwa ile hali yake yenye nguvu.

Mahali pengi Afrika Mashariki kidonge kinachopatikana kwa urahisi ni amitriptilini, ambayo huanzishwa kwa miligramu 10 au 25 usiku. Hukausha kinywa, hufunga choo, humlaza mtu, na haifai kwa baadhi ya wagonjwa wa moyo wala kwa mwenye shida ya mkojo kuziba. Gabapentini ina sifa kubwa kwa maumivu mengine ya mishipa, lakini ilipojaribiwa kwa watu 115 walioumizwa na kemo haikuwasaidia. Mofini hubaki kuwa tegemeo pale uvimbe unapoubana mshipa, na wauguzi wa tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso ya mgonjwa, wanaijua vizuri. Uganda imekuwa ikitumia mofini ya maji ya kunywa tangu hospisi ilipoanzishwa Kampala mwaka 1993, na wagonjwa wameinywea nyumbani kwao bila kulazwa.

Naona njia iliyo sawa ni kuviweka pamoja. Mwenye nyayo zinazowaka anaweza kumeza duloksetini au amitriptilini kama daktari ameiona inamfaa, na akapaka mentholi ya asilimia 1 juu yake. Asiyeweza kumeza vidonge zaidi akabaki na ya kupaka peke yake. Mwenye kovu la kifua au la titi linalowaka ana sababu nzuri ya kuanza na krimu ya kapsaisini, au plasta ya lidokaini akishindwa na moto wake. Mwenye masalia ya mkanda wa jeshi aanze na lidokaini malengelenge yote yakisha kukauka na kufunga. Ambaye mgongo umeanza kumuuma kwa namna mpya, miguu ikalegea, au mkojo na choo vikabadilika, asipake chochote wala asingoje kliniki ya juma lijalo; uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa, na saa zina maana.

Plasta ina jambo moja la kuangaliwa sana. Fentanili, dawa kali ya maumivu ya jamii ya mofini, nayo huja kama plasta, na kwa macho haitofautiani mno na ya lidokaini. Lakini fentanili haitibu mahali ilipobandikwa. Hupita kwenye ngozi kuingia damuni na kufanya kazi mwili mzima kwa siku tatu, kwa nguvu inayozidi ya mofini kwa mbali. Haikatwi, haipashwi moto kwa chupa ya maji ya moto, haiwekwi juu ya kidonda kwa sababu "ndipo panapouma", na mtu mwingine hapewi hata robo yake. Nyumba yenye plasta za aina mbili iziweke kwenye makasha mawili tofauti, yaliyoandikwa kwa herufi kubwa.

Anayeanza dawa yoyote ya kupaka ajipe kipimo. Kila jioni aandike namba kati ya sifuri na kumi, na kitu kimoja alichoweza au alichoshindwa kufanya: kufunga vifungo, kuchambua mchele, kulala mpaka alfajiri. Lidokaini ipewe majuma mawili hadi manne, kapsaisini na mentholi majuma sita hadi nane. Ikiwa namba haijashuka na kile kitu bado kinamshinda, aiache bila kujilaumu na arudi kwa aliyemwandikia. Wakati wote huo ganzi inabaki kuwa hatari ya nyumbani: maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko au na mtu mwingine, sufuria ishikwe kwa kitambaa kinene, miguu ikaguliwe kila usiku kwa kioo au na mtoto mwenye macho mazuri, na kandambili zibadilishwe kwa viatu vinavyofunga kisigino, kwa sababu mguu usiohisi hujikwaa bila kujua.

Yule mama aliondoka bila tyubu yoyote jioni ile. Nilimpa karatasi ya kwenda nayo kliniki, imeandikwa jina la dawa aliyopewa kwa dripu, tarehe ya mwisho, mahali panapouma alipopachora mwenyewe kwa kalamu, na maswali mawili ya kumwuliza daktari: kama duloksetini inamfaa pamoja na dawa zake nyingine, na kama anaruhusiwa kujaribu krimu ya mentholi ya asilimia 1 tutakayomchanganyia. Mchoro wa unyayo ulimchukua dakika kadhaa, maana kalamu ilikuwa ikimponyoka, lakini alikataa nimshikie.